Paris na Kumbukumbu za Chopin: Hotuba kwa Kamati, Mafundi na Wanamuziki

Hii ni hotuba yote kama ilivyotolewa, kwa ajili ya wale ambao hawakufika. Picha zilizoonyeshwa ukutani hazimo.

Wazee wetu, ndugu mafundi, walimu, vijana wa kwaya na wa bendi, habari za asubuhi.

Mnataka kumjengea mwanamuziki kumbukumbu, na swali la kwanza mlilolileta mezani ni hili: tumchonge amekaa au amesimama? Naomba swali hilo lisubiri. Kabla ya kukaa na kusimama kuna maswali mazito zaidi. Nani analipa? Nani anachonga, na kwa kitu gani? Na miaka 50 baadaye, nani ataipanda ngazi akiwa na ndoo na brashi?

Nitawajibu kwa kumfuata mtu mmoja aliyekumbukwa ugenini: Fryderyk Chopin, mtunzi wa Poland, na mji wa Paris uliomchukua akawa wake. Nimemchagua kwa sababu kumbukumbu zake ziko nyingi, za vifaa tofauti, na kila moja imepatwa na lake. Ipo iliyodumu, ipo iliyochoka, ipo iliyoyeyushwa.

Alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Żelazowa Wola, karibu na Warsaw. Mama Mpolandi, baba Mfaransa aliyehamia Poland akiwa kijana na kuwa mwalimu huko. Novemba 1830 Chopin aliondoka Warsaw akiwa na miaka 20. Kabla mwezi haujaisha, Wapolandi waliinuka dhidi ya utawala wa Urusi. Mwaka uliofuata wakashindwa, na maelfu wakakimbilia Ufaransa. Chopin naye akafika Paris mwaka huo huo wa 1831. Poland hakuirudia tena. Alipata uraia wa Ufaransa mwaka 1835, akaishi kwa kufundisha piano kwa faranga 20 kila somo, na nyimbo za ngoma za kwao, mazurka na polonaise, akaziandika upya akiwa mbali na kwao. Alifariki tarehe 17 Oktoba 1849, nyumba namba 12, Place Vendôme, akiwa na miaka 39.

Sasa basi, jambo la kwanza: hela na watu wake.

Sisi tunaijua kamati ya mazishi. Tunajua mwenyekiti, katibu, mweka hazina, daftari la michango. Paris ya 1849 ilifanya vile vile. Mazishi yalisubiri hadi tarehe 30 Oktoba, karibu wiki mbili, kwa sababu marafiki walitaka aimbiwe Requiem ya Mozart, yaani misa ya wafu, katika kanisa la Madeleine. Watu wapatao 3,000 walihudhuria. Kisha msafara ukaelekea makaburi ya Père-Lachaise, upande wa mashariki wa jiji, na walioshika pembe za kitambaa cha jeneza ni pamoja na mchoraji Eugène Delacroix, mpiga selo Auguste Franchomme na Camille Pleyel, mtengenezaji wa piano. Mwanafunzi wake mmoja kutoka Uskoti, Jane Stirling, alibeba sehemu kubwa ya gharama.

Lakini nawaomba mtazame kilichofuata, maana hapo ndipo kamati nyingi huanguka. Watu wakishatoka makaburini, moto hupoa. Daftari hufungwa. Kamati ya Chopin haikufunga daftari. Mchango wa kaburi ulianza watu wangali na uchungu, Delacroix akaongoza, kazi ikapewa mchongaji mmoja tu, Auguste Clésinger, na tarehe 17 Oktoba 1850, mwaka mmoja kamili tangu kifo, kaburi likazinduliwa. Udongo wa Poland ukamwagwa juu yake. Maandishi waliyochonga ni mafupi: kwa Fréd. Chopin, kutoka kwa rafiki zake. Halikutajwa jina la mfadhili, wala orodha ya viongozi waliokuwepo siku ya uzinduzi. Ndugu zangu, nimeona mabamba ya uzinduzi ambayo jina la mgeni rasmi ni kubwa kuliko la marehemu. Msifanye hivyo. Nawasihi, msifanye hivyo.

Mwaka mmoja. Ni muda mfupi kwa marumaru, na uliwezekana kwa sababu kazi ilianza hata kabla ya mazishi. Hili ni jambo la pili, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mafundi mko hapa.

Clésinger aliitwa chumbani mwa marehemu kuchukua umbo la uso na la mkono. Kazi hiyo hufanywaje? Nyusi na mipaka ya nywele hupakwa mafuta ili plasta isishike. Plasta ya jasi hunyunyizwa ndani ya maji, kidogo kidogo, kama kilo 1.4 kwa lita 1. Ni jasi inayoingia majini, si maji yanayomwagwa juu ya jasi. Ukigeuza, unapata madonge. Ukiikoroga sana inaganda mapema kabla hujamaliza, na mapovu yanabaki kama vidonda usoni. Tabaka la kwanza huwa jembamba, la kuingia kwenye kila mkunjo. Mafundi wengi wa zamani walilaza uzi katikati ya uso, kutoka paji la uso hadi kidevuni, kisha wakaongeza tabaka nene. Plasta ikianza kushika, uzi unavutwa juu na kuigawa katika vipande viwili, ili isije ikang'ang'ania puani. Baada ya dakika 15 hadi 20 inakuwa ngumu na ya moto kidogo kwa mkono. Unaitoa, unaunganisha vipande, unamimina ndani plasta nyingine, na uso unapatikana.

Uso wa kwanza alioutoa Clésinger ulionyesha mateso ya mgonjwa aliyekata roho kwa shida ya kupumua. Watu wa karibu hawakuweza kuutazama. Akatengeneza wa pili, akiwa amelainisha mistari. Wote mnaonisikiliza mtafika kwenye uamuzi huo huo: sura ya kweli au sura inayovumilika? Mimi nasema hifadhini zote mbili. Ya kweli iwekwe kabatini mahali pakavu, kwa vizazi; ya pili iwe ya fundi. Kwa Chopin zote zimebaki, na wachongaji wamezirudia mara nyingi.

Kutoka plasta kwenda marumaru ni safari nyingine. Mchongaji hakurupuki na tindo. Anaanza na udongo wa mfinyanzi juu ya mifupa ya chuma na mbao, akiufunika kwa vitambaa vibichi kila jioni usipasuke. Umbo la udongo linatolewa kwa plasta. Kisha linakuja jiwe. Kwanza linagongwa kwa nyundo ndogo: jiwe zima hulia kama kengele, lenye ufa hutoa sauti butu. Fundi asiyegonga atakutana na ufa kwenye shingo ya sanamu, akiwa ameshalipia miezi ya kazi.

Halafu kinafungwa kifaa cha kuhamisha vipimo. Kina mhimili wenye sindano, na kinakaa juu ya nukta tatu za kudumu zilizowekwa kwenye plasta na zikarudiwa kwenye jiwe mahali pale pale. Sindano inagusa plasta, inakazwa, kifaa kinahamishiwa kwenye jiwe, na fundi anatoboa mpaka sindano ifike kina kile kile. Anabakiza milimita moja au mbili kwa ajili ya mkono wa bwana mwenyewe. Nukta ya pili, ya tatu, mamia kwa mamia. Makosa ya kazi hii ni mawili: nukta moja ya msingi kuguswa ikasogea, sanamu nzima ikapinda bila mtu kujua, na fundi msaidizi kutoboa kupita kiasi, maana jiwe ukishaliondoa haulirudishi.

Matokeo yake ni haya. Juu ya nguzo ameketi Euterpe, mungu-mke wa muziki katika hadithi za Wayunani, kichwa kimeinama, kinubi chake kimevunjika. Mbele ya nguzo kuna duara lenye uso wa Chopin wa ubavuni. Nitasema ninavyoona: Euterpe ni majonzi ya kawaida, angeweza kuwekwa juu ya kaburi la msanii yeyote wa karne ile. Ni lile duara ndilo linalomtaja mtu. Pua, taya, nywele zilizorudishwa nyuma. Hapo ndipo kazi ya chumbani ilipolipa. Kama hela zenu hazitoshi sanamu zima, fanyeni duara moja zuri. Msifanye sanamu zima baya.

Jambo la tatu: kitu kilichotumika. Hapa historia yenyewe imetufanyia jaribio.

Paris ilipata kumbukumbu nyingine mbili. Mwaka 1900, katika bustani ya Luxembourg, iliwekwa sanamu ya kichwa na mabega ya Chopin, ya shaba nyeusi, kazi ya Georges Dubois. Mwaka 1906, katika bustani ya Monceau, likawekwa kundi la marumaru la Jacques Froment-Meurice: Chopin akiwa kwenye piano, mwanamke amejiinamia chini yake, na mwingine juu akiruka na maua. Pana mengi mno pale, kwa maoni yangu, lakini mahali walipompa ni pa heshima. Bustani hiyo hiyo ina kumbukumbu za mwandishi Maupassant, na za watunzi wa muziki Gounod na Ambroise Thomas. Mpolandi amewekwa katikati ya Wafaransa kama mmoja wao.

Ipi kati ya hizo mbili mngedhani itadumu? Fundi yeyote atasema shaba. Shaba nyeusi, ambayo ni shaba nyekundu na bati kwa kiasi cha tisa kwa moja hivi, mvua haiimalizi. Haipasuki kwa baridi. Ukiipaka nta kila mwaka inakaa karne na karne.

Lakini shaba ina hela ndani yake. Oktoba 1941, Ufaransa ikiwa chini ya Wajerumani, serikali ya Vichy, ile ya Wafaransa walioshirikiana nao, ilitoa sheria ya kushusha sanamu za shaba zilizo hadharani ambazo hazikuhesabiwa kuwa na thamani ya kisanaa au ya kihistoria, ziyeyushwe. Chopin wa bustani ya Luxembourg akaenda. Chopin wa Monceau akabaki. Wa Père-Lachaise akabaki. Marumaru haiyeyuki ikawa risasi wala injini.

Na huko kwao? Huko kwao ilikuwa mbaya zaidi. Warsaw ilimzindulia mnara mkubwa wa shaba mwaka 1926 katika bustani ya Łazienki, kazi ya Wacław Szymanowski: Chopin chini ya mti uliopindishwa na upepo. Tarehe 31 Mei 1940 Wajerumani waliulipua, wakaukata vipande, wakaupeleka kuyeyushwa. Hapo hawakutafuta chuma tu. Walikuwa wamekataza hata muziki wake usipigwe hadharani. Je, Warsaw ilikata tamaa? Ulijengwa upya, kwa kufuata vielelezo vilivyonusurika, na mwaka 1958 ukasimama tena pale pale.

Kwa hiyo mkichagua shaba, na inaweza kuwa chaguo zuri, fanyeni mambo mawili. Tunzeni plasta ya asili katika jengo lingine, si kwenye stoo ile ile ya bustani. Pigeni vipimo na picha za pande zote kabla ya uzinduzi. Siku hizi hakuna vita hapa, lakini wauza vyuma chakavu wapo, na bamba la shaba lililofungwa kwa skrubu nne hung'olewa kwa usiku mmoja. Lifungwe kwa vyuma vya pua vilivyozamishwa kwenye jiwe na kuzibwa, vichwa visionekane.

Jambo la nne, na ndilo lililonileta: matunzo.

Marumaru iliyoponea vita ina adui wake. Marumaru ni madini yaitwayo kalsiti, na kalsiti inaogopa asidi. Paris ilipasha nyumba moto kwa makaa ya mawe kwa miongo mingi. Moshi wenye salfa ukikutana na unyevu juu ya marumaru, uso wa jiwe hugeuka jasi. Ndiyo, jasi ile ile ya plasta. Palipo wazi, mvua huiosha na kuondoka nayo, na kila mwaka pua inapungua, vidole vinapungua. Palipojificha, chini ya kidevu, kwenye mikunjo ya nguo, jasi hubaki, hunasa masizi, hufanya ukoko mweusi. Zaidi ya hapo, punje za kalsiti zikipata joto hutanuka upande mmoja na kusinyaa upande mwingine. Zinasuguana, zinaachana. Ukipitisha kidole, jiwe linamwagika kama sukari.

Sasa anakuja mtu mwenye nia njema. Ana ndoo, ana brashi ya waya, ana dawa ya kung'arisha choo. Ndugu zangu, huyo ameharibu kuliko moshi wa miaka 20. Asidi, hata ndimu, hata siki, inakula marumaru palepale. Dawa ya klorini inaacha chumvi ndani ya jiwe, na chumvi ikikauka inasukuma uso utoke. Brashi ya waya inaacha vijipande vya chuma vinavyoshika kutu na kuweka madoa mekundu. Mashine ya maji ya presha inang'oa punje zilizokwisha legea.

Fanyeni hivi. Chagueni eneo dogo la majaribio, sentimita 10 kwa 10, mahali pasipoonekana, na mlisubiri likauke kabisa kabla ya kuamua. Lowesheni jiwe kwanza kwa maji safi yasiyo na chumvi. Brashi iwe laini, ya nailoni au ya manyoya. Anzeni chini mkipanda juu, ili maji machafu yasichore michirizi juu ya jiwe kavu, na suuzeni kila mara. Mwani na kuvu huuawa kwa dawa yake maalumu isiyo na klorini, ikaachwa ifanye kazi, si kusuguliwa. Ukoko mweusi msiuguse; huo ni wa mtaalamu, anayeweza kuulainisha kwa majimaji ya amonia kabonati yaliyoshikwa na karatasi iliyolowa, au kuutoa kwa miale ya leza.

Angalieni pia ndani. Wachongaji wa karne ya 19 waliunga mawe kwa pini za chuma. Maji yakiingia, chuma kinashika kutu, kutu inachukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma chenyewe, na jiwe linapasuka kutoka ndani. Ukiona ufa umeanzia kwenye kiungo na una doa la kahawia, sababu ni pini. Tumieni chuma cha pua. Na kwenye viungo tumieni chokaa na mchanga, si saruji. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Zanzibar hawahitaji kufundishwa hili: saruji inafungia unyevu ndani ya ukuta na kuutoa kwa kuling'oa jiwe.

Msisahau upendo wa watu, maana nao unaharibu. Kaburi la Chopin halikosi maua na riboni nyeupe na nyekundu, rangi za Poland. Vizuri. Lakini chungu cha maua kinachovuja hulowesha nguzo mahali pale pale mwaka mzima, na nta ya mshumaa huzama kwenye jiwe ikaacha doa la mafuta. Katika makaburi hayo hayo ya Père-Lachaise, kaburi la mwandishi Oscar Wilde lilibusiwa na wageni wenye rangi za mdomo hadi mafuta yake yakaanza kula jiwe. Mwaka 2011 ikabidi lizungushiwe kioo. Wekeni meza ya mawe ya maua, pembeni, yenye mteremko wa kutoa maji. Mpeni mgeni mahali pa kuweka heshima yake, atapatumia.

Ni nani basi anayetunza kumbukumbu ya mgeni? Swali hilo sisi wa Arusha tunalo mlangoni. Kuanzia mwaka 1942 Tengeru ilipokea Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, waliopelekwa Siberia na Wasovieti kisha wakapitia Iran; walifika kama 5,000. Waliofia pale walizikwa pale, na makaburi yao yanatunzwa hadi leo na mtu wa pale pale, akisaidiwa na Poland yenyewe. Nendeni mkaone. Geti, njia, majina yanasomeka. Kuna wa kufagia anayejulikana, na kuna wa kulipa anayejulikana. Kwa Chopin ni hivyo hivyo, tena amegawanywa: mwili Paris, moyo Warsaw. Dada yake Ludwika aliubeba moyo huo kwa siri ndani ya chupa ya pombe, na sasa umo ndani ya nguzo ya kanisa la Msalaba Mtakatifu. Miji miwili, kila mmoja na sehemu yake ya kulinda.

Na Warsaw wana jambo moja ambalo kamati hii inaweza kulianza hata kabla ya jiwe kununuliwa. Tangu mwaka 1959, majira ya joto, kila Jumapili piano huwekwa chini ya ule mnara wa Łazienki, na watu hukaa kwenye nyasi kumsikiliza Chopin, bure. Mnara unaotembelewa kila wiki hauwezi kuibiwa bamba bila mtu kugundua. Ufa wake unaonekana ungali mdogo.

Kwa hiyo naomba kikao cha leo kiamue mambo matatu kabla ya kukaa na kusimama. Kwanza, sehemu ya michango ifunguliwe akaunti yake ya matunzo, isiguswe kwa ajili ya uzinduzi. Pili, aandikwe mtu kwa jina na cheo chake, atakayekagua mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na baada yake, kwa picha zinazopigwa kutoka mahali pale pale. Tatu, vijana wa kwaya, mtupe ratiba: Jumapili ipi ya mwezi, saa ngapi, nyimbo zipi za mzee wetu.

Katibu anayo karatasi. Mwenye swali kuhusu mawe aanze, wa fedha watafuata.